Huruma, Hofu, Hasira: Kuchagua Kati ya Maneno ya Kiingereza Yenye Asili ya Kilatini na ya Kigiriki

"Alimwonea huruma." Msomaji wa Kiswahili ameshaelewa na anaendelea na hadithi. Anayekwama ni yule anayeipeleka sentensi hiyo kwenye Kiingereza: aandike "pity", "compassion", "sympathy" au "empathy"? Kamusi itampa yote manne, na mara nyingi italieleza moja kwa kumrudisha kwenye jingine. Hali ni hiyo hiyo kwa hofu kali, kwa ghadhabu na kwa furaha iliyopita kiasi. Kiingereza kimechota maneno mengi ya hisia kutoka Kilatini na Kigiriki, na yale yanayodhaniwa kuwa sawasawa yana historia zinazotofautiana sana.

Ulinganisho huu ni kwa mfasiri, mwalimu wa Kiingereza, mwandishi wa habari, mhubiri na mwanafunzi wa insha. Naamini jambo moja kuhusu maneno haya: neno la hisia hubeba picha yake ya kwanza kwa muda mrefu kuliko tunavyodhani, na anayeijua picha hiyo hateui neno kwa kubahatisha.

Vigezo

Kila neno nimeliuliza maswali manne. Kwanza, Mrumi au Mgiriki alikuwa anaona picha gani alipolitamka? Pili, liliingia Kiingereza kwa njia ipi: kanisa, ikulu ya watawala waliosema Kifaransa, vitabu vya waganga, au darasa la falsafa? Tatu, mwenye hisia anatenda au anatendwa? Nne, leo linaishi wapi: gazetini, mimbarini, hospitalini, mahakamani, kwenye kadi ya rambirambi? Baada ya hapo ndipo tunaweza kusema linamfaa nani.

Njia mbili za kuingilia

Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, walipoitwaa Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya ikulu na ya mabwana kwa vizazi kadhaa. Maneno mengi ya Kilatini yalipita katika vinywa hivyo na kulika njiani. "Rabies" likawa "rage", "pietas" likawa "pity", na "gravis", yaani zito, likazaa "grief". Yalitoka mafupi na ya moto, na mtoto wa Kiingereza huyajua mapema.

Ya Kigiriki mengi yalipitia vitabu vya Kilatini vya waganga, wanateolojia na wanafalsafa, na hivyo yakabaki na urefu wake: "melancholy", "ecstasy", "enthusiasm". Lakini asili peke yake haitoshi kukuongoza. "Frenzy" ni la Kigiriki, ila Kifaransa kililitafuna hadi likasikika kama la nyumbani. "Exultation" ni la Kilatini tupu, lenye picha ya mtu anayeruka juu kwa furaha, na bado linanuka maktaba.

Warumi wenyewe walihangaika. Cicero, akiandika falsafa kwa Kilatini mwaka 45 KK, alitafuta neno la kubeba "pathos" ya Wagiriki, yaani hisia kali inayompata mtu. Alisema angeweza kuliita "morbus", ugonjwa, lakini akachagua "perturbatio", msukosuko. Baadaye neno "passio" ndilo lililopata nguvu, kutoka kitenzi "pati", kuteseka au kupatwa na jambo. Ndiyo sababu "passion" ya Kiingereza hutaja mateso ya Yesu msalabani na pia mapenzi ya mtu kwa kazi yake, na "patient" ni mgonjwa. Sisi tunaosema mtu amepatwa na huzuni, ameshikwa na hofu, amepandwa na hasira, hatuhitaji kusadikishwa kwamba hisia kali huja kutoka nje na kumkamata mtu.

Huruma: "pity", "compassion", "sympathy", "empathy"

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

"Pity" limetoka "pietas", wajibu wa Mrumi kwa wazazi, miungu na nchi yake. Katika Kilatini cha Kikristo likaelemea upande wa huruma, na kwa njia nyingine likazaa "piety", ucha Mungu. Sanamu ya Michelangelo ya Maria aliyempakata Yesu aliyekufa, iliyochongwa mwishoni mwa karne ya 15, huitwa Pietà kwa maana hiyo ya heshima. Leo Kiingereza kimelisogeza. Mwenye "pity" amesimama juu na anayehurumiwa yuko chini. Mtu mwenye ulemavu anaposema kwa Kiingereza kwamba hataki "pity", hakatai kupendwa. Anakataa kutazamwa kutoka juu. Lakini neno halijapoteza heshima yake yote. Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki, alipoeleza kwamba tamthilia ya msiba huamsha "eleos" na "phobos", wafasiri wengi wa Kiingereza waliandika "pity and fear", na pale linakaa barabara, kwa sababu mtazamaji yuko mbali na jukwaa na hawezi kufanya lolote. Linamfaa msimulizi anayeutaka umbali huo.

"Compassion" ni Kilatini cha kanisa: "com", pamoja, na "pati", kuteseka. Lilifika Kiingereza katika karne ya 14 kupitia Kifaransa. Ndani yake hakuna juu wala chini, kuna wawili wanaoteseka pamoja, na anayeguswa hutarajiwa kuinuka na kufanya kitu. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inalitumia kwa Msamaria Mwema, ambaye hakuishia kuguswa, bali alifunga majeraha na kulipia nyumba ya wageni. Kigiriki cha Injili hapo kina kitenzi kinachotokana na neno la matumbo, na yeyote aliyewahi kusema tumbo linamkata kwa uchungu wa mtoto wake analielewa bila mwalimu. Linawafaa mhubiri, muuguzi na mwandishi wa ripoti ya shirika la misaada. Udhaifu wake ni uzito. Kwa rafiki aliyeikosa basi la asubuhi, linazidi kipimo.

"Sympathy" ni mfano wa Kigiriki wa neno hilo hilo: "syn", pamoja, na "pathos". Viungo vinalingana kabisa, ila njia ni tofauti, na hapo ndipo maana zilipoachana. Lilipita kwa waganga na wachunguzi wa maumbile, ambao katika karne ya 16 na ya 17 waliweza kulitumia hata kwa vitu visivyo na roho: kiungo kimoja kuumia kwa sababu ya kingine, au uzi mmoja wa ala kutetema mwingine unapopigwa. Wanamuziki bado wanaziita nyuzi za namna hiyo za sitari kwa neno hili. Leo linaishi kwenye kadi za rambirambi na katika siasa, mtu anapounga mkono upande fulani bila kujiunga nao. Ni la adabu na halidai tendo. Kwa barua ya pole kwa mwenzako wa kazini ni sahihi kuliko "compassion", ambalo lingeonekana kumkumbatia kwa nguvu mtu usiyemzoea.

"Empathy" lina sura ya kale kuliko yote, na ndilo changa kuliko yote. Lilitungwa mwaka 1909 na mwanasaikolojia Edward Titchener, Mwingereza aliyefundisha Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, ili kufasiri neno la Kijerumani "Einfühlung". Mwanafalsafa Mjerumani Robert Vischer alikuwa amelitumia neno hilo mwaka 1873 kueleza jinsi mtazamaji anavyojiingiza kwa hisia ndani ya kazi ya sanaa. Kwa hiyo mizizi ni ya Kigiriki, lakini fundi ni wa maabara. Katika Kigiriki cha leo "empatheia" humaanisha chuki na nia mbaya, na wanaoandikia Athens wajihadhari nalo. Katika Kiingereza linakaa kwenye ushauri nasaha, mafunzo ya wauguzi na walimu, na vyumba vya saikolojia. Linasema umeingia katika nafsi ya mwenzako na kuona anavyoona. Halisemi utamsaidia. Tapeli hodari anaweza kuwa na "empathy" ya kutosha na asiwe na chembe ya "compassion", na lugha inayoweza kutenganisha mambo hayo mawili imetupa silaha nzuri.

Hofu: "terror", "horror", "panic", "phobia"

Mawili ya Kilatini, mawili ya Kigiriki, na mipaka yake ni myembamba kuliko ya huruma.

"Horror" limetoka "horrere", kusimama kwa nywele. Picha ni ya mwili: vinyweleo vinakusimama na damu inaganda. "Terror" limetoka "terrere", kutisha, na picha yake ni ya nguvu inayokuelekea. Ann Radcliffe, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1826 baada ya kifo chake, alisema "terror" huitanua nafsi na kuziamsha nguvu zake, ilhali "horror" huisinyaza na kuigandisha. Kwa vitendo, "terror" huja kabla hujaona, na "horror" huja ukishaona. Mama anayesikia mlango ukivunjwa usiku ana la kwanza; akiwasha taa na kuukuta mwili sakafuni, ana la pili. Mwandishi wa hadithi akizingatia hili tu, kurasa zake zitabadilika.

Ila "terror" lina mzigo mwingine. Tangu utawala wa hofu wa Mapinduzi ya Ufaransa, 1793 hadi 1794, limefungamana na vitisho vya kisiasa, na leo katika vichwa vya habari husomwa kama ugaidi. Mwandishi wa Nairobi akiliandika kwa ajali ya basi, msomaji atatafuta bomu kwanza.

"Panic" ni la mungu Pan, mlinzi wa wachungaji, ambaye Wagiriki walimhesabia hofu ya ghafla inayolikumba kundi la mifugo au kambi ya askari bila sababu inayoonekana. Picha hiyo ya kundi haijatoka. Linafaa kwa umati unaokimbilia mlango mmoja, kwa wateja wanaokimbilia benki, na kwa kile tunachokiita taharuki. Kwa mtu mmoja limepata makazi hospitalini, kwa mashambulizi ya hofu yenye moyo kwenda mbio na pumzi kukatika.

"Phobia" linatokana na "phobos", ambalo kwa Homer, mshairi wa kale wa Kigiriki, lilikuwa zaidi ni kukimbia vitani kuliko kuogopa moyoni. Limepitia kwa waganga na limebaki kwao: hofu ya kudumu juu ya kitu maalumu, isiyolingana na hatari iliyopo. Mtu aliyefukuzwa na nyuki jana hana "phobia". Anayeshindwa kuingia chumba chochote chenye dirisha wazi kwa ajili ya nyuki, miaka kumi baadaye, huenda anayo. Siku hizi neno hili huongezwa mwishoni mwa mengine kutaja chuki dhidi ya watu, na hapo linasema chuki kuliko hofu.

Hasira: "rage", "fury", "ire", "frenzy", "mania"

Maneno mawili ya kawaida kabisa ya Kiingereza kwa hasira si ya Kilatini wala Kigiriki. "Wrath" ni Kiingereza cha kale, na "anger" lilitoka kwa watu wa Skandinavia, ambako "angr" ilikuwa huzuni na dhiki. Kwa "ghadhabu" ya Mungu katika maandiko, "wrath" bado halijapata mpinzani.

"Rage" ni "rabies", kichaa cha mbwa, na wala si kwa mafumbo: ni neno lile lile lililolika. Mwenye "rage" hachagui wa kumng'ata. Ugonjwa huo huo Wagiriki waliuita "hydrophobia", hofu ya maji, kwa kuwa mgonjwa hushindwa kumeza. Kilatini kikamtazama mbwa, Kigiriki kikamtazama mgonjwa. Sijui mfano mwingine unaoonyesha tofauti ya njia hizi mbili wazi namna hii.

"Fury" limetoka "furia", na Furiae walikuwa miungu wa kike wa kisasi. Kwa hiyo ndani yake mna haki iliyovunjwa. Mjane aliyedhulumiwa shamba, akisimama mbele ya baraza la kijiji akitetemeka, ana "fury". Ukimpa "rage" umemnyang'anya sababu yake. "Ire" ni "ira", hasira aliyoiandikia mwanafalsafa Mrumi Seneca kitabu kizima, na leo ni neno la vichwa vya habari kwa sababu ya ufupi wake. Katika mazungumzo halisikiki.

"Frenzy" hutokana na "phren", neno ambalo Wagiriki wa kale walilitumia kwa akili na kwa sehemu ya kifua karibu na kiwambo, kupitia jina la ugonjwa wa kuweweseka kwa homa. Linafaa kwa vurugu za mikono na miguu: wanunuzi wanaogombea bidhaa, papa majini wanaponusa damu. "Mania" ni wazimu, na katika tiba leo ni hali ya msisimko uliopita kiasi, mtu halali na bado anajiona ana nguvu. Nje ya tiba limepungua ukali hadi kuwa shauku ya kupita. Kati ya yote matano, hili ndilo ningeliepuka kwa hasira.

Furaha: "rapture", "ecstasy", "enthusiasm", "euphoria"

"Rapture" lina bahati ya kufasirika kwetu kwa neno moja. Kilatini "rapere" ni kunyakua, na Biblia ya Kilatini katika 1 Wathesalonike 4:17 ina "rapiemur", ambapo Biblia yetu ina "tutanyakuliwa". Ndiyo sababu makanisa yanayohubiri kwa Kiingereza huuita unyakuo "the Rapture". Nje ya kanisa ni furaha ya mtu aliyechukuliwa mzima mzima, kwa muziki mathalani. Anatendwa.

"Ecstasy" ni "ekstasis", kusimama nje ya nafsi yako. Ndilo neno la Kigiriki katika Matendo 10:10, Petro alipokuwa darini Yafa. Tofauti yake na la kwanza ni mwelekeo: "rapture" hukunyakua kutoka nje, "ecstasy" hukutoa ndani mwako. Wafasiri wa mashairi ya mapenzi na ya Kisufi hulihitaji mno, ila wajue kwamba tangu miaka ya 1980 ni jina la kidonge cha kulevya pia.

"Enthusiasm" lina mungu ndani yake, "en" na "theos", na katika karne ya 17 na ya 18 Uingereza lilikuwa tusi kwa wanaodai kusemezwa na Mungu moja kwa moja. Mwanafalsafa Mwingereza John Locke aliliandikia sura nzima ya kulikemea mwaka 1700. Leo limepoa kiasi cha kukaa kwenye barua ya kuomba kazi. "Euphoria" lilikuwa neno la madaktari kwa mgonjwa kujisikia vizuri, kutoka "eu" na "pherein", kuchukuliana vizuri na hali. Bado lina harufu ya kitu kisichodumu, na kwa hiyo linafaa sana kwa mji mzima ulioshinda fainali jana usiku.

Wivu na huzuni, kwa ufupi

"Wivu" wetu unabeba mawili. "Envy" ni "invidia", kutoka kumtazama mtu kwa jicho baya, na "kijicho" chetu kimelifikia bila kupita Roma. Unalitumia kwa asiye nacho. "Jealousy" ni la aliye nacho na anaogopa kunyang'anywa. Limetoka Kigiriki "zelos" kupitia Kifaransa, na "zeal", bidii yenye moto, ni neno hilo hilo lililokuja kwa njia ya vitabu. Kwa hiyo Mungu mwenye wivu wa Kutoka 20:5 na Simoni Zelote ni ukoo mmoja.

Kwa huzuni, "grief" ni uzito juu ya mtu aliyefiwa, lina tukio na lina tarehe. "Melancholy" ni nyongo nyeusi ya waganga wa Kigiriki, huzuni ya mwili na tabia isiyohitaji msiba. Msibani, la pili ni kosa.

Kwa hali yako

Ukifasiri maandiko au mahubiri, anza na ya Kilatini: "compassion", "passion", "rapture". Yaliletwa na kanisa na wasikilizaji wanayatarajia. Pale andiko la Kigiriki linaposisitiza mtu kutoka nafsini mwake, usiogope "ecstasy".

Ukiandika hadithi, mafupi yaliyolikia katika Kifaransa hufanya kazi vizuri kwenye kitendo: "rage", "fury", "grief". Yale marefu ya Kigiriki yawekee wahusika wasomi, au nyakati ambapo mhusika anajitazama.

Kwa insha ya shule, chagua neno ambalo unaweza kueleza nani anatenda na nani anatendwa. Ukishindwa, "anger", "fear" na "sadness" hazimpunguzii mtu alama.

Mkalimani wa hospitali au mahakama ana kazi ngumu zaidi, kwa kuwa "mania", "phobia" na "panic" mbele ya daktari ni majina ya hali za kitabibu. Mgonjwa akisema "naogopa sana", mpe "I am very afraid" na umwachie daktari kuipa jina.

Mwandishi wa habari akutane kwanza na "hysteria". Limetoka "hystera", tumbo la uzazi, kwa sababu waganga wa kale walidhani ni ugonjwa wa wanawake pekee. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliiondoa "hysteria" katika mwongozo wake wa magonjwa mwaka 1980. Hapa kwetu neno hilo lilitumiwa na madaktari walioandika kuhusu kicheko kilichoanza Januari 1962 katika shule ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, kikaenea vijijini na kulazimisha shule kufungwa. Wanafunzi wanapozimia au kulia kwa pamoja, vyumba vya habari bado hulikimbilia. Andika kilichoonekana: wangapi, walifanya nini, kwa muda gani, na daktari alisema nini. Ukihitaji jina la haraka kwa kichwa cha habari na ni kweli watu walikimbia, "panic" linatosha.